Korongo Wawili wa Kwenye Daftari

…wala si kwamba hakusikia, Clotilde amesikia vizuri sana, magoti ndiyo yamechoka, masikio bado ni yale yale, binti ameuliza na sasa anangoja, kalamu mkononi, darubini imening'inia kifuani, daftari la marehemu mume wake limefunguliwa juu ya mapaja, "Maman, aba ba grues, ba korongo, mulibaona mwisho wakati gani?", swali dogo tu, la kujibu huku mtu anamenya karanga, na Clotilde anatazama maji, anajifanya anahesabu yangeyange, saba, wanane, yule wa tisa huenda ni mfuko wa plastiki, mwezi wa kumi huu ziwa limerudi nyuma mpaka tope limepasuka, na mvua inawatania watu, inakusanya mawingu upande wa Annexe halafu inayatawanya, mwongo mkubwa mvua hii, eti mwongo, nani anamwita nani mwongo… na binti mwenyewe ni mzuri, huyu Michelle, mpole, hana ile haraka ya wanafunzi wa chuo kikuu, ametoka misa ya kwanza akaja moja kwa moja na viatu vya kanisani, anaandika kazi yake ya mwisho juu ya ndege wa ziwa hili na pori lake, na amesema jina la Adalbert litachapishwa ukurasa wa mbele kabisa, kwa sababu hakuna mtu mwingine Lubumbashi nzima aliyekaa hapa kila Jumapili miaka kumi na minane akihesabu, na Simone, binti yao, huko Kolwezi ameshawatangazia majirani wote, jina la papa linaingia kwenye kitabu, jina la papa, na ndani ya kitabu hicho wataingia korongo wawili ambao hawapo.

"Maman? Munachoka? Tunaweza kupumzika."

"Hapana, mutoto yangu, nawaza tu," amejibu, na kweli anawaza, anamwona Adalbert akishuka kwenye baiskeli pale penye kichuguu, kofia ya reli kichwani miaka yote hiyo baada ya reli kumwachisha kazi, karani wa stesheni hadi kifo chake, anatoa daftari kama anayetaka kuandikisha treni, saa, tarehe, upepo, halafu abiria, ndiyo, aliwaita abiria, mwezi wa kumi ndege wala nyuki wenye rangi zote, mwezi wa kumi na moja mbayuwayu kutoka Ulaya, tazama hawa, Mama Simone, hawaombi viza, hawapangi foleni, mwezi wa kwanza bata kwenye majani marefu, mwezi wa nne wageni wanaaga, na baridi ikiingia, mwezi wa sita, maji yakianza kupungua, ndipo wanashuka wale aliowangoja mwaka mzima, korongo wenye taji, wawili, wanatembea polepole kwenye tope wakiwa wamevaa vizuri kuliko sisi wote, na Adalbert anatoka njiani, anaingia kwenye nyasi, anavua kofia, macho chini, kama wanavyofanya kwao Mitwaba mama mkwe akipita, "Bakwe banafika, Mama Simone, toka mu njia!", na yeye Clotilde, mke mzima mwenye wajukuu, anatoka njiani akicheka mpaka kitenge kinalegea, wanasimama kwenye nyasi wote wawili kama watu wasio na akili, mpaka wakwe wamalize kupita, jioni wanaruka kwenda kulala juu ya ule mti mkubwa ukingoni mwa pori, mkwe hutafutiwa mahali pa kulala kabla ya chakula, alisema Adalbert, na hawa wamejitafutia wenyewe, wametupunguzia aibu… aibu, ndiyo, neno lenyewe hilo.

Maana upande wa kulia wa Adalbert ulikufa mwezi wa tano, miaka mitatu sasa, asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu na mkono ukakataa, na tangu siku hiyo Clotilde ndiye aliyekuja hapa Jumapili, peke yake, akisukuma baiskeli ambayo hajui kuipanda, akirudi nyumbani Hewa Bora mchana na kukaa pembeni ya kitanda, yeye anasimulia, Adalbert anasema "andika", yeye anaandika, na swali la kwanza lilikuwa hilo hilo kila mara, kabla hata ya kumpa mke wake pole ya jua, "Unabaona?", na mwezi wa sita aliwaona kweli, mwezi wa saba aliwaona kweli, alitoka njiani peke yake na akasimama kwenye nyasi, hakucheka, lakini alitoka, halafu mwezi wa nane…

Michelle amegeuza ukurasa, anausogeza karibu na macho, "Hapa kuko tashi, Maman, ni udongo?", na kidole chake kimeshuka juu ya doa jeusi pembeni ya tarehe, alama ya dole gumba, mistari yote inaonekana, hata kovu la kisu, na Clotilde anaficha mkono wake chini ya kitenge, kana kwamba binti ataukamata na kuulinganisha, "Udongo," anasema, "ni udongo," na uongo mwingine huo, siku ya leo, baada ya komunyo, kwa mtoto wa watu… si udongo, ni makala, mkaa wa kupikia. Mti ulikuwa chini Jumapili ile. Wote, na shina lake, na matawi, umekatwa vipande, umefukiwa, tanuri linafuka moshi taratibu, na watu watatu wamekaa kivulini wanakula bukari, wakamsalimia kwa adabu, mama, jambo, na magunia yamesimama kwenye mstari, yamefungwa vizuri kwa majani juu, na yeye alisimama pale na baiskeli yake, akajua palepale, mti gani huu na wa nani, alipaswa kupiga kelele, alipaswa kwenda kumwita mlinzi wa pori, badala yake akawaza umeme, siku nne nyumba nzima haina umeme, na baridi ya mwezi wa nane, na Adalbert anayeogeshwa kitandani, anayetetemeka upande mmoja tu, upande ulio hai, na akasema naomba gunia moja. Alisema hivyo. Naomba. Wakamfungia kwenye baiskeli, hata wakamsaidia kulisukuma mpaka kwenye njia kubwa, watu wazuri, hilo ndilo baya lake.

Na nyumbani, mikono bado myeusi, "Unabaona?", na Clotilde akasikia mdomo wake unasema, "Nilibaona. Babili," naye "andika," akaandika, wawili, na dole gumba likaandika lake pembeni, halafu akawasha jiko la mbabula, akachemsha maji, akamwogesha mume wake kwa kitanda cha wakwe, ndivyo ilivyokuwa, hakuna namna nyingine ya kuisema, na Adalbert alifumba macho maji yalipomgusa mgongoni, akashusha pumzi kama mtoto aliyenyonya akashiba, akasema, "Hii makala iko muzuri, inakamata moto. Ni ya muti gani?"

"Mi sijue, Papa Simone."

Alijua, na tangu Jumapili ile, kila kiangazi, wawili, wawili, wawili, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu walipomzika, huku tope limebaki tupu, dawa ya mgonjwa, alijiambia, nani anamwambia mgonjwa ukweli wote, hata padre hasemi… lakini kuna ile Jumapili ya mwezi wa kwanza, ngoja, ile, mvua ilikuwa inapiga mabati, Clotilde alikuwa amelia njia nzima na hakumbuki kwa nini, na akasema wawili, mwezi wa kwanza, majira ambayo wale ndege hawakuwahi kukanyaga hapa hata mara moja kwa miaka yote ile, na Adalbert, aliyejua nani anakuja lini kuliko alivyojua tarehe za kuzaliwa za wajukuu, Adalbert hakuuliza. Alitazama dari. Alimtazama mke wake na nguo zake zilizolowa. Akasema, "Andika." Ee Mungu, alisema andika. Basi alijua, na kama siku hiyo alijua, alijua tangu lini, tangu makala, tangu lile swali la mti, na nani sasa alikuwa anampa nani dawa, mzee yule, mbona hukusema, mbona umeondoka zako na kuniachia mimi peke yangu kurasa zote hizi, ungesema tungelia pamoja, tungewalilia wakwe kama watu wanavyolia matanga… Clotilde anakasirika, kweli anakasirika, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hasira inampasha moto vizuri kuliko maombi yote waliyomwombea.

Na mezani kwa Adalbert stesheni hakukuwa na kifutio. Alimfundisha hata Simone hivyo, kosa halifutwi, Simone, linapigwa mstari mmoja, mmoja tu, ili atakayekuja asome kilichoandikwa kwanza, halafu unaandika sahihi pembeni, na unatia jina lako, si la mkubwa wako. Jina lako. Daftari zima lina jina moja.

Yangeyange bado ni wanane, na mfuko haujaruka. Michelle bado amekaa vile vile, kichwa kimeinama, kalamu juu ya karatasi tupu, hajui kitu, anamngojea bibi mzee akumbuke.

"Leta kalamu," Clotilde anasema, na mkono umetoka chini ya kitenge. "Hapana kuandika bado, mutoto yangu. Nipe miye."

Anaweka ukingo wa bahasha ya kanisani chini ya neno la mwezi wa nane, anavuta mstari mmoja katikati yake, wawili bado inasomeka, na pembeni, karibu na dole gumba, anaandika hakuna, halafu Clotilde, herufi zote, kama anayesaini kupokea mzigo.

"Maman… ni kosa?"

"Ngoja," anasema, na anageuza ukurasa. "Iko mingi."