Gari la Maan la Viti Viwili

Kila Ijumaa baada ya sala, Sleiman bin Khalfan alilivua turubai gari la mwanawe, akaliendesha kutoka nyumbani kwake Ansab, mjini Maskati, mpaka Ghubra, akazunguka karibu na ufukwe, akarudi. Alifanya hivyo ili betri isife. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la viti viwili na paa la kukunjwa. Maan alilinunua alipopata kazi yake ya kwanza ya uhandisi, akalifaidi msimu mmoja wa baridi tu, kisha akaenda Kanada kwa mkataba. Mkataba ukarefushwa, ukarefushwa tena. Mamake Maan alikuwa keshafariki, na nyumba ile ya vyumba vingi ikabaki na mzee mmoja ndani na gari moja uani.

Katika safari zake hizo Sleiman hakuwahi kulifunua paa. Dada yake Mahbuba alipomuuliza, alisingizia vumbi. Ukweli ni kwamba paa likiwa wazi, kila anayesimama kwenye taa za barabarani angekiona kile kiti cha pili hakina mtu.

Siku moja Maan akapiga simu kusema amepata ukaazi wa kudumu, na gari liuzwe. Sleiman akajibu, haya.

Wanunuzi wakaja. Aliwakaribisha kwa kahawa na halua, akaanza kuwaeleza. Tumbo la gari liko chini mno, kila tuta la barabarani linalikwaruza. Petroli linainywa kama maji. Paa likikunjwa huingia kwenye buti, na hapo hata begi la safari halipati pa kukaa. Miezi ya joto paa halifunuliki kabisa, na viti vya ngozi vikipigwa jua havikaliki. Kijana mmoja aitwaye Osama alikuja na mkewe, na Sleiman, baada ya kumtazama yule mwanamke aliyekuwa mjamzito, akawauliza mtoto watamweka wapi. Wakaangaliana, wakashukuru kwa kahawa, wakaondoka. Hakusema uongo hata mmoja. Ila ukweli aliuchagua.

Osama alikuwa amesoma na Maan, na habari zikafika Kanada.

"Baba, Osama kanambia umemtisha," Maan alisema kwenye simu.

"Nimemwambia mambo yalivyo."

"Umemwambia mabaya matupu. Gari lina mazuri yake pia."

Sleiman alilitazama gari uani, chini ya turubai lake. Kisha akasema lile ambalo hakuwa amejiambia hata mwenyewe: "Nikiliuza, hutokuwa na kitu cha kurudia."

Maan alijibu kwa sauti ya taratibu. "Sikuliacha kwa ajili ya kurudi, Baba. Nliliacha kwa sababu sikujua la kulifanya."

Baada ya hapo akaja Rahaf. Alikuwa mwanamke wa makamo, watu wao asili yao Zanzibar kama wa Sleiman, mwenye kazi ya kuongoza ndege uwanjani. Sleiman alipoanza habari ya matuta, akamkatiza kwa adabu.

"Mabaya yake nnayajua, Ami. Nipe mazuri yake."

Sleiman akakiri kwamba hayajui. Gari hilo huliendesha polepole, njia ile ile, basi. Rahaf akaomba aliendeshe yeye, na Sleiman akapanda upande wa pili, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu Maan aondoke. Kabla hawajatoka getini Rahaf akabonyeza kitufe, na paa likajikunja juu ya vichwa vyao, likazama nyuma. Sleiman akaishika kofia yake.

Wakashika barabara ya mlimani ya kwendea Amerat. Kwenye mpando injini ikanguruma, na Sleiman akausikia mgongo wake ukisukumwa kitini. Magari mengine yalikuwa yakihema. Hili lilipanda kama linateremka. Kwenye kona alijikaza akitaraji litayumba, lakini halikuyumba, lililala barabarani kama limegundishwa. Breki zikiguswa, linatii papo hapo. Na juu hapakuwa na kitu ila majabali na mbingu, na hewa ya baridi inayonukia mawe. Akamfikiria Maan akiwa kijana, akipita hapa peke yake siku za mapumziko, na kwa mara ya kwanza akafahamu mwanawe alikuwa akifuata nini huku, na kwamba yeye babake hakuwahi kumwomba wende pamoja.

Wakateremka mpaka Sidab, wakasimama karibu na mashua za wavuvi zilizopandishwa mchangani. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wakaacha, wakaja kulitazama gari. Sleiman akamuuliza Rahaf atakuwa akimpakia nani.

"Sina wa kumpakia, Ami," alisema, macho yake baharini. "Kutwa nnazungumza na watu nsiowaona. Nkitoka kazini nnataka upepo tu."

Sleiman alitaka kumjibu, lakini maneno yote yaliyomjia yalimhusu yeye mwenyewe. Akayameza.

Wiki ile ile gari likaandikishwa kwa jina la Rahaf. Alipokuja kulichukua, Sleiman alimfungulia geti, akamwonyesha pa kupita ili tuta la mlangoni lisilikwaruze, akasimama mpaka mngurumo ukapotea upande wa barabara kuu.

Magharibi Maan alipiga simu. Akauliza kama limeondoka, akaambiwa limeondoka. Akauliza babake atakula nini, akaambiwa wali na changu wa kukaanga. Akasema kule asubuhi imeanza na theluji imefika madirishani.

"Theluji ikoje?" Sleiman aliuliza. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kumuuliza.

Maan akaanza kumweleza. Sleiman akakaa kwenye baraza lake, simu sikioni, chakula kikipoa jikoni, akisikiliza.