Nyumbu Wapite Kwanza

Shemeji yangu akishika redio ya gari utadhani anatangaza mpira. "Wote ukingoni! Wote ukingoni! Wanashuka!" Wala walikuwa hawashuki. Nyumbu walikuwa wamejazana juu ya mto tangu asubuhi, wanasogea, wanarudi, wanakoroma, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia majini. Ungekuwa wewe, na mamba wamejilaza kule chini, ungeingia kichwa kichwa?

Huyu shemeji ni mume wa dada yangu, na kambi ya wageni ni yake. Miaka yote nilikuwa jikoni kwake, namenya vitunguu na kusugua masufuria, huku nikimwomba aniache niendeshe. Leseni ninayo. Gari nalijua hata kwa mlio tu. Msimu huu alinipa usukani, na onyo juu yake, mbele ya madereva wote: "Lalamiko moja tu la mgeni, shemeji, unarudi kwenye vitunguu." Wakacheka. Kipara, dereva wao mkongwe, akanibatiza hapohapo jina la Vitunguu. Nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza, kwa sababu kiti kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Sasa basi. Kila mwaka mvua zikiisha huku, nyumbu huhama kufuata majani ng'ambo ya mto. Hapo kwetu wana mteremko mmoja mzuri wa kushukia. Na sisi nasi, badala ya kukaa mbali, hukimbiza magari hadi mdomoni mwa mteremko huohuo ili wageni wapige picha. Msimu uliopita nilikuwepo, nimepakata kikapu cha chakula cha wageni. Wa mbele waliona ukuta wa vyuma, wakageuka. Wa nyuma wakasukuma. Wakamwagikia pembeni, kwenye mawe. Nilimwona ndama kavunjika mguu, anasimama, anaanguka, anasimama tena, na mama yake kashavuka, anamwita kutoka ng'ambo. Shemeji akasema redioni, "Picha safi kabisa!" Nililia. Kisha nikaona aibu kwa kulia, kisha nikakasirika kwa kuona aibu, na hasira hiyo haijanitoka mpaka leo.

Ndiyo maana siku hiyo, nikiwa mbele ya msafara, nilikanyaga breki.

Njia ya kwenda ukingoni ni nyembamba, ina kona moja, kushoto korongo, kulia miiba. Gari likisimama katikati, hapiti mtu. Nikazima injini, nikavuta breki ya mkono, nikawaambia wageni wangu kwamba tutaonea hapahapa, na panaonekana vizuri. Mmoja wao, mwenye kamera ndefu kama mchi, akasema atanishtaki kwa mwenye kambi.

"Nishtaki, baba," nikamwambia kwa adabu zote. "Ila keti."

Redio ikawaka moto. Honi hawakuthubutu, maana hata wao wanajua honi inatimua wanyama. Kipara, aliyekuwa magari matatu nyuma yangu, akafoka redioni: "Sogea, wewe nyumbu!"

"Nyumbu ni wewe unayefuata mkia wa gari langu!"

Shemeji akashuka garini, jambo ambalo yeye mwenyewe amelikataza, akaja kwa miguu anatweta. Akafungua mlango wangu. "Ufunguo."

Nikauchomoa, nikautumbukiza kifuani, mahali ambapo shemeji mwenye heshima zake hatii mkono.

"Uchukue," nikamwambia.

Akawatazama wageni. Akatazama mbingu. "Unajua unachokipoteza?"

"Najua! Unadhani sijui? Liwalo na liwe. Leo wapite kwanza wao."

Hapohapo jike mmoja mkavu, mbavu nje, akaanza kushuka. Akanusa maji. Akaruka. Na kundi zima likamfuata, mamia kwa mamia, vumbi likafunika jua, ndama wamebanwa ubavuni mwa mama zao, pundamilia wamechanganyika humo, mto ukawa mweusi kwa vichwa. Mamba alichukua mmoja. Hilo ni lake na Mungu wake, sisi hatukuwamo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kiti napiga kelele kama mwendawazimu, "Nendeni! Nendeni, jamani!", machozi yananitoka, na safari hii sikuona aibu.

Yule mgeni alinishtaki kweli. Tuliporudi nilimkabidhi ufunguo, na muda si muda Shemeji alinifuata jikoni, madereva nyuma yake, akauweka ufunguo mezani kando ya maganda ya vitunguu. Dada alikuwa anakoroga sufuria. Hakunitazama.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema.

"Dada, waliovunjika guu nimewaona. Hawakumkosea mkuu yeyote."

Shemeji si mtu mbaya, nami sitamsingizia. Alijifuta uso, akapunguza sauti. "Sema pole, shemeji. Sema hutarudia. Kesho utaendesha, na mgeni nitamtuliza mimi."

Dada akanifinya kiunoni. "Sema, mdogo wangu. Neno moja tu."

Nilikitaka kile kiti. Nikautazama ule ufunguo, kisha nikamgeukia Shemeji.

"Kukujibu vibaya mbele ya wageni, pole, tena sana, wewe ni mkubwa wangu. Lakini huo ufunguo ukinipa kesho, na wakawa bado wanashuka, nitaegesha palepale."

Sufuria likachemka peke yake. Shemeji akatikisa kichwa, akauokota ufunguo, akampa Kipara. Mimi nikavuta kisu na kikapu, nikaanza kumenya, na wala si vitunguu vilivyonitoa machozi.

Madereva wakatoka mmoja mmoja. Kipara akabaki mlangoni, anaugeuzageuza ufunguo kiganjani.

"Vitunguu," akaniita, na hakucheka. "Pale ulipoegesha, ni kabla ya kona au baada?"

"Kabla."