Mkeka Juu ya Karai

Maji hayaachwi wazi. Shefali alifundishwa hivyo na mama yake, na hakuna mwanamke kijijini pao ambaye angeona mtungi usio na kifuniko asimsengenye mwenye nyumba.

Kwa hiyo walipoletewa lile karai refu la kusafishia maji, lililotandazwa vipande vya chupa kuukuu za plastiki vilivyopakwa unga mweupe, Shefali alilifunika kwa mkeka. Kila asubuhi alimimina humo maji ya pampu, ile iliyopakwa rangi nyekundu kuonya kwamba maji yake yana sumu itokayo ardhini, akafunika, na jioni akayachuja kwenye mchanga. Miezi minane hakukosa hata siku moja. Viganja vya mumewe, Mokbul, vilikuwa vimeota magamba, na daktari alisema dawa ni moja tu, maji safi.

"Mke wangu anayatunza maji kuliko anavyonitunza mimi," Mokbul alizoea kumtania.

Wiki iliyopita hospitali ikasema kidonda cha kiganjani kimegeuka saratani, tena imeshapanda hadi kwapani. Shefali hakuelewa. Akamwita Dipankar, fundi wa chuo aliyeleta karai. Dipankar akapima maji mara mbili, sumu ikawa ile ile ya pampuni. Ndipo akautazama mkeka.

"Dada, huu unakaa hapa muda gani?"

"Mchana kutwa, kaka. Haliingii hata vumbi."

Dipankar akaeleza taratibu kwamba vile vipande huivunja nguvu sumu vikipigwa na jua, ndipo mchanga uinase. Bila jua ni takataka tu. Hayo alikuwa amewaeleza wanaume wote siku alipoleta karai, pale kwenye kibanda cha chai. Wanaume! Kana kwamba wao ndio wachotao maji. Mokbul alikuwepo siku hiyo, akanywa chai yake, wala hakuona la kusimulia nyumbani.

Shefali aliuvuta mkeka akautupa uani. Juu mawingu ya masika yalikuwa yametanda, na jua lisingeonekana kwa wiki kadhaa. Alilia bila kujificha.

Mokbul alikuwa barazani, amesikia yote.

"Nipe maji," alisema.

"Yapi?"

"Haya haya. Kwani tuna mengine?"

Shefali alijaza bilauri. Akampelekea, na kwa mazoea alikuwa ameifunika kwa kisahani.