Swali Moja la Mgeni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni jinsi kaka yangu Tad alivyoshuka ngazi. Alitanguliza mguu wa kushoto, akauleta wa kulia ukasimama kando yake, akapumua, akatanguliza tena wa kushoto. Nyumba yetu ina ngazi kumi na tatu, na tangu akiwa na miaka kumi alikuwa akizishuka kwa mishindo mitatu tu. Ilikuwa siku mbili baada ya Krismasi, yuko likizo kutoka chuoni. Baba alikuwa jikoni akiimba pamoja na redio, hivyo hakugundua kwamba mishindo haikusikika.

Nilimwekea Tad bakuli la uji wa shayiri mezani. Alinitazama, akajua nimeona.

"Bea, usimwambie mtu," alisema.

Kuniomba mimi nisiseme ni kazi rahisi. Shuleni mwalimu alikuwa akiniruka katika kuita majina, kwa kuwa nilichukua muda mrefu mno kuitika. Nilipokuwa darasa la tano mama aliugua, baba akaiandikia ofisi ya elimu kwamba nitafundishwa nyumbani. Nilichofundishwa ni kumgeuza mama kitandani, na baada ya mama kufa, kugeuza samaki kwenye mafuta katika klabu ya Wapolandi, ambako baba yangu na wenzake hula kila Ijumaa. Watu hupokea sahani mkononi mwangu bila kunitazama usoni. Sijawahi kulalamika. Nimepazoea.

Wiki iliyofuata baba alijua kwamba Tad ameumia goti, alipomkuta amekaa ukingoni mwa bafu na mfuko wa barafu. Nilikuwa koridoni na taulo. Nilidhani atafoka. Aliuliza tu ni mechi ngapi alizocheza hivyo. Tad akajibu nne. Baba akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini. Amefanya kazi kwenye tanuru la chuma miaka ishirini na sita, na sifa kubwa anayoijua ya mwanamume ni kwamba hakukosa zamu.

Wakakubaliana. Goti lisitajwe kwa mtu mpaka uteuzi wa Aprili upite, siku zile tatu ambazo timu kubwa za mpira wa Kimarekani hugawana vijana wa vyuo, moja baada ya nyingine, raundi saba. Tad alikuwa mkabaji, kazi yake kumwangusha anayekimbia na mpira, na alitoka chuo kidogo ambacho wasaka vipaji hupita mara moja wakielekea kwingine. Hata hivyo wawili walikuwa wamempigia simu. Akichaguliwa, hata wa mwisho kabisa, atasaini, na madaktari wa timu watalitengeneza goti wenyewe. Asipochaguliwa, kuna ghala la matairi karibu na barabara kuu, ambako kazi ni ya kusimama.

Timu yetu ni Wahunzi. Msimu ule walishinda mechi mbili kati ya kumi na saba, moja kati ya hizo kwa sababu wapinzani waliwapumzisha wachezaji wao. Mimi sijawahi kuwaona wakiwa na msimu mzuri. Baba anasema aliwahi, lakini anasimulia kama mtu anayesimulia ndoto, na kila mwaka sehemu fulani inabadilika.

Pale klabuni, kuanzia Februari, kuna Meza. Ni meza ya duara karibu na dirisha la jikoni, na kila Ijumaa wanakaa hapo kuwachagulia Wahunzi vijana, utadhani kuna mtu atawapigia simu kuuliza. Kila mmoja anamchukua kijana wake na kumsemea. Bibi Verna Stachura, mjane aliyekuwa akiendesha kreni bandarini, anageuza saa ya kuchemshia mayai, na msemaji ana dakika tatu. Majina yanaandikwa kwenye utepe mweupe na kubandikwa ukutani. Ukuta huo una majina ya tangu kabla sijazaliwa. Kijana akichaguliwa kisha akaharibikiwa, Bibi Verna anambandua kwa kisu cha siagi, na mahali pake panabaki alama ya gundi. Alama za gundi ni nyingi kuliko majina.

Sheria ni mbili. Mezani hakuna uongo, hata wa kumsifu wako. Na mgeni yeyote aliyekaa karibu akasikiliza ana haki ya kuuliza swali moja, ambalo msemaji lazima alijibu. Sheria hii ya pili wanajivunia kuliko wanavyojivunia timu yenyewe. Wanasema ndiyo inayowatofautisha na walevi wa kawaida.

Ijumaa ninayoisema ilikuwa wiki mbili kabla ya uteuzi. Jioni bado kulikuwa na mwanga. Nilitoka na takataka kwa mlango wa nyuma, nikapita kando ya gari la kijivu nisilolijua. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na begi dogo lenye nyundo mbili zilizopishana, nembo ya Wahunzi, lakini si nyundo za njano wanazouza madukani. Hizi zilikuwa zimedariziwa kwa uzi mweusi, kama zile zinazovaliwa na watu wanaosimama ukingoni mwa uwanja. Juu ya begi kulikuwa na karatasi, na juu ya karatasi jina letu la ukoo, Dombek. Nasoma polepole, lakini jina letu nalisoma.

Niliporudi ndani nilimtafuta kwa macho nikamwona mara moja. Alikuwa meza ya pili kutoka kwa akina baba, mtu wa makamo, koti la kawaida, peke yake mbele ya sahani ya samaki na kabichi. Televisheni ilikuwa ikionyesha habari za Wahunzi na watu wote walikuwa wameinua shingo. Yeye hakuinua. Alikuwa anaitazama Meza.

Bibi Verna alikuwa amemaliza dakika zake. Wahunzi walikuwa na nafasi ya pili katika raundi ya kwanza, naye alitaka jitu moja kutoka Iowa, mlinzi wa kumkinga mrushaji mpira, kijana wa kilo mia moja na hamsini aliyekulia kwenye zizi la nguruwe. Lou Petrella, mwenye duka la kufuli, alimtaka mrushaji wa Georgia mwenye mkono ambao, kwa maneno yake, ungeweza kuvusha mpira ziwa lote hadi Kanada.

"Na nani atamlinda huyo mwenye mkono?" Bibi Verna aliuliza. "Wewe na funguo zako?"

"Mrushaji mzuri anajilinda mwenyewe, Verna."

"Wote sita waliopita walijilinda wenyewe. Wawili bado wanatembelea magongo."

Wakacheka, kicheko kile cha watu waliokwisha kukubali. Kisha ikaja raundi ya saba, ambayo kwa kawaida hawaihangaikii, ila mwaka ule ilikuwa na Tad. Baba alisimama. Wengine husema wameketi. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Aliongea juu ya mwanawe anavyosoma nia ya mkimbiaji kabla mkimbiaji mwenyewe hajaijua, na jinsi alivyoongoza chuo kizima kwa kuangusha watu misimu miwili mfululizo. Tad hakuwepo, alikuwa chuoni akimalizia mitihani. Nilikuwa dirishani na sahani mbili mkononi, na nilimwona yule mgeni akiweka uma chini.

Saa ya mayai iliposimama, Lou alitikisa kichwa. Si mtu mbaya, Lou. Ndiye aliyemnunulia Tad viatu vyake vya kwanza vya mpira. Lakini Meza ni Meza.

"Casimir, ndugu yangu, mwanao nampenda, unajua," alisema. "Ila mechi nne za mwisho alikuwa wapi? Nilizitazama zote. Wale vijana walimpita kama mlango wa sokoni. Tusidanganyane. Kijana alichoka, au aliogopa."

Shingo ya baba ikaanza kuwa nyekundu kutokea kwenye kola. Najua angeweza kunyamaza. Alikuwa ameahidi, na Lou hakuwa mgeni, hakuwa na haki ya swali.

Ndipo yule mtu akainua mkono kidogo, kwa adabu, na kumwambia Bibi Verna kwamba ameona sheria imeandikwa pale mlangoni, naye angependa kutumia swali lake. Bibi Verna alifurahi. Ilikuwa muda mrefu tangu mgeni aulize. Akamgeuzia kiti.

"Nataka kujua hilo hilo, mzee," mgeni alisema. "Kwa nini alipungua kasi mwishoni?"

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwa baba. Alikuwa amenigeuzia uso nusu, kwa kuwa alikuwa akitafuta pa kuweka bilauri yake. Macho yetu yalikutana. Nilikuwa na sahani mbili za samaki wa moto. Ningeweza kuziachia zikavunjika. Ningeweza kusema "Baba," neno moja tu, ambalo nalisema kila siku.

"Hakuchoka, na hakuogopa," baba alisema. Hakumjibu mgeni, alimjibu Lou. "Goti lake la kushoto lilikuwa limechanika. Mechi nne, Lou. Alijifunga bandeji mwenyewe chooni ili daktari wa chuo asimtoe. Wewe ukipata mafua hufungui duka."

Lou akainuka, akazunguka, akamkumbatia baba, akasema yeye ni mpumbavu na ameyafuta maneno yake. Bibi Verna akajifuta macho kwa kitambaa cha karatasi. Akaandika TAD DOMBEK kwenye utepe kwa herufi kubwa, akaubandika juu kabisa, juu ya jitu la Iowa na mkono wa Georgia, wakapiga meza kwa viganja. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba amesikia jambo baya. Kwao ilikuwa ndiyo sifa iliyokuwa imekosekana.

Mgeni alimshukuru baba, akampa mkono. Alimaliza kabichi yake. Nilipokwenda kuchukua sahani aliniambia samaki alikuwa mtamu, na kati ya wote niliowahudumia jioni ile ni yeye pekee aliyenitazama usoni.

Siku nne baadaye Wahunzi walimpigia Tad simu chuoni wakamtaka afike kwao kupigwa picha ya goti. Alitupigia nyumbani, nikapokea mimi.

"Wamesema la kushoto, Bea. Hawakuuliza lipi. Nani amewaambia?"

Nilisema sijui. Akaniuliza kama baba amezungumza na mtu. Nikasema baba yuko kazini. Nikamsikia akipumua kwa mdomo, kama alivyokuwa akipumua kwenye ngazi.

Siku ya mwisho ya uteuzi ilikuwa Jumamosi. Tad alikaa kwenye kochi kuanzia mchana, simu juu ya paja, mguu juu ya kiti. Baba alikuwa ameoka nyama kwa watu ishirini. Majina yalipita, raundi ya tano, ya sita. Zamu ya Wahunzi ilipofika katika raundi ya saba baba alisimama kama alivyosimama Mezani. Wakamchagua mpiga teke kutoka Utah. Baba alisema hao ni majuha, wamekuwa majuha siku zote, wasingemtambua mwanamume hata akiwakanyaga. Alisema hivyo mara tatu au nne. Tad alizima simu, akapanda juu. Nilizihesabu ngazi zote kumi na tatu.

Jitu la Iowa halikuchaguliwa na Wahunzi. Walimchukua mrushaji wa Georgia. Alivunjika mfupa wa bega wiki ya tatu ya msimu, na Bibi Verna akambandua. Utepe wa Tad bado uko. Lou alitaka uondolewe kwa heshima, baba akakataa.

Tad alianza kwenye ghala la matairi mwezi Juni. Goti halijapasuliwa. Chuo kilisema hakikuarifiwa jeraha kwa wakati, na bima ya ghala inasema jeraha ni la zamani. Anarudi saa kumi na moja jioni, anakula ninachopika, hazungumzi na mimi wala na baba. Zamani alikuwa akikaa jikoni wakati nikiosha vyombo, akinisomea magazeti kwa sauti na kuniigizia watangazaji, mpaka nacheka. Sasa anapeleka sahani yake juu.

Baba mpaka leo hajui yule mgeni alikuwa nani. Tad naye hajui kwamba alikuwepo mgeni. Ninayejua yote ni mimi, na watu wameniona msichana mwenye haya tangu utotoni, hivyo hakuna atakayeniuliza.

Nililiona begi. Nilimjua yule mtu kabla hajauliza. Nilikuwa na muda wa kutosha, na mdomo nilikuwa nao. Lakini nilifikiri kwamba Tad akichaguliwa ataondoka na hatarudi, na mimi nitabaki katika ile nyumba na baba mpaka mmoja wetu afe, na hakuna atakayenisomea gazeti. Nilimtazama baba machoni nikamwacha ajibu. Siku ile sikunyamaza kwa haya. Nilitaka abaki.