Siku ya Kumhamisha Mama Ndaya

Kitambaa alichojizibia pua Henri Kabongo kilikuwa kimelowa marashi, na mpaka leo nikipita dukani nikanusa marashi ya namna ile, mate yananijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika. Alisimama katikati ya ua wake, ndani ya suti mpya ya abacost iliyonyooshwa vizuri kwa pasi, amempa mama yake mgongo. Mama mwenyewe, Mama Ndaya, alikuwa ameketi mbele ya wageni, amevishwa pagne, kitenge cha sikukuu, na uchafu wake ulikuwa unadondoka chini ya kiti. Wamama wa kikundi cha sala walikuwa katikati ya Baba Yetu. Sala ilikatika pale pale, watu wakarudi nyuma, viti vikaanguka.

Mimi si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Miaka ile ya Zaïre nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee ya masista, kule Manika, na kusafisha mavi ya wazee ndiko kulikonilisha mimi na wanangu. Kinyaa nilichokiona siku ile kilitoka kwa wale waliokuwa safi.

Nilikuwa na kazi nyingine pia. Kabla hatujampokea mzee aliyepotewa na kumbukumbu, au mtu aliyekua mwili lakini akili ikabaki ya utotoni, nilimtembelea kwao, nikakaa naye, nikajua anapenda nini na anaogopa nini, ili siku ya kuhama asiletwe kama gunia la muhogo. Ndivyo nilivyofika kwa Henri. Kazini, katika ofisi za mgodi, alikuwa Citoyen Kabongo, kama ilivyotaka serikali iliyopiga marufuku majina ya Kizungu. Nyumbani hakuna aliyeacha kumwita Henri. Alikuwa amepandishwa cheo, akapewa nyumba kubwa yenye bustani, na nyuma ya bustani kulikuwa na boyerie, chumba ambamo Wabelgiji walikuwa wakiwalaza watumishi wao. Humo ndimo alimomweka mama yake, pamoja na mdogo wake Muamba.

Mama Ndaya alikuwa amesahau karibu kila kitu. Alisahau kwamba mumewe amekufa, alisahau kwamba Kasai waliiacha kabla Henri hajazaliwa, alisahau hata kwamba chakula kikiingia mdomoni humezwa. Muamba alikuwa mwanamume wa ndevu ambaye hakuwahi kujua kuhesabu wala kufunga kamba za viatu. Lakini kila mama yake alipobaki na tonge mdomoni, Muamba alijipapasa koo lake mwenyewe, taratibu, na mama alimtazama, akamwiga, akameza. Nilipowaona wanakula hivyo nilijua kwamba nikimchukua mmoja peke yake nimewamaliza wote wawili. Nilimweleza mkubwa wa masista. Akasema vitanda viwili vipo, kimoja upande wa wanawake, kingine upande wa wanaume, na mchana kutwa watakaa pamoja.

Henri alikubali. Kisha akakataa.

Mkewe alikuwa amesikia maji yakimwagika kule boyerie, akaenda kuchungulia dirishani. Alimwona Muamba kwa mgongo, ameinama, anamwosha mama yake. Kwa Waluba wa Kasai, mtoto wa kiume kuona uchi wa mama yake ni tshibindi, najisi inayoweza kuleta kifo nyumbani. Hata kwetu sisi Waluba wa Katanga jambo hilo si la mchezo, sijifanyi kwamba sikulielewa. Ila nilimuuliza Henri swali moja tu, nikimwita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Tata, sasa nani alipashwa kumusafisha?"

"Muke wangu tumbo yake haiko nguvu," akajibu. "Ile harufu inamushinda."

Basi akaitwa Mama Mianda kutoka Lubudi, dada wa marehemu baba yao, kwa kuwa katika ukoo ule neno la shangazi ndilo lilikuwa la mwisho. Alikuja, akaketi sebuleni, akala akashiba, akatoa hukumu. Mbuzi anunuliwe wa kuitakasa nyumba. Mama aende kwa masista peke yake. Muamba apandishwe treni ya Kasai, kwa jamaa ambao hakuwajua hata kwa picha. Hakutia mguu boyerie. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemuuliza Muamba neno. Wale waliojua mwiko kwa urefu na mapana hawakuwahi kushika beseni, na aliyelishika beseni ndiye waliyemwita uchafu. Kwangu mimi wao ndio walionuka.

Nilibishana mpaka sauti ikanikauka. Henri aliniambia niendelee na kazi yangu ya kuosha watu, mambo ya familia niwaachie wenye familia.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye ua ule siku ya Jumamosi, na wageni wa kumuaga mama, na makreti ya bia, na sala iliyokatika. Muamba alikuwa amewekwa karibu na lango na begi lake, na binamu mmoja wa kumsindikiza mpaka gare, kituo cha treni. Mimi nilimshika Mama Ndaya mkono ili nimwinue nimpeleke ndani. Alipiga ukelele ambao sijausahau, akaking'ang'ania kiti, akaning'ata kiganjani. Alikuwa ananiogopa kama mnyama aliyekamatwa, na Henri na mkewe walikuwa wanatazama huku wameziba pua.

Muamba akatua begi. Akapita katikati ya wageni, akachukua beseni lililoegemezwa ukutani, akalijaza maji kwenye robine, bomba la uani.

"Mumushike!" shangazi akapaza sauti. "Mumushike, ataleta kifo!"

Hakuna aliyemshika. Muamba alitoa mfukoni kipande cha pagne kuukuu, akajifunga macho, akakaza fundo nyuma ya kichwa, akalivuta tena kuhakikisha. Huyo aliyeshindwa na kamba za viatu, fundo lile alilijua. Akapakata beseni kwa mkono mmoja, na mwingine akaunyoosha mbele yake, hewani. Na Mama Ndaya, ambaye kwa miezi mingi hakuwa anajua mlango uko wapi, akaachia kiti, akasimama, akaushika ule mkono, akaanza kumwongoza mwanawe.

"Polepole, mutoto wangu," akamwambia. "Hapa kuko ngazi. Inua muguu."

Walipita mbele yetu sote, mama amechafuka mpaka visiginoni, maji yakimwagika beseni lilipoyumba. Niliwafuata nikasimama mlangoni. Muamba alimwosha kwa kupapasa, chini ya pagne, bila haraka, akimwambia jina la kila mahali anapofika: sasa muguu, sasa mugongo. Mama alitulia kabisa. Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa Mama Mianda.

"Muamba," akasema. "Nani alikufundisha kufunga macho?"

"Mama."

"Wakati gani?"

"Mbele, wakati alianza kugonjwa. Alisema mutoto mwanaume haangaliake mama yake." Akakamua kitambaa cha kuogea. "Mi siangaliake, tantine."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Mama Ndaya alikuwa ameiona akili yake inaondoka, akawapima watoto wake mmoja mmoja, akajua ni yupi atakayebaki naye. Akamtayarisha huyo.

Shangazi alirudi uani. Henri alikuwa bado na kitambaa chake.

"Bataenda bote bawili," akamwambia.

"Mais tante, batu batasema nini?"

"Weye ulifunga pua. Ye alifunga macho. Usiniambie tena mambo ya tshibindi."

Ningependa kusema kwamba nilimpenda shangazi yule tangu hapo. Sikumpenda. Alikuwa amebakiza kidogo tu kumpakia mtu kwenye treni bila kumuuliza swali ambalo lingechukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Na mbuzi wa kutakasa alikuwa ameshachinjwa, hawakuona sababu ya kumpoteza; tulipokuwa tunatoka na gari ya mission, mimi mbele na wale wawili nyuma wameshikana mikono, nilimwona shangazi anachagua ini. Henri alikuja kwenye dirisha la gari, akaniomba nisiyasimulie mambo yale parokiani. Nilimwambia nitayasimulia kila nitakapopata mtu wa kunisikiliza. Sasa mimi mwenyewe nimezeeka, na bado nayasimulia.

Kwetu Manika sisi wanawake ndio tuliomwosha Mama Ndaya. Muamba alisimama nje ya mlango, akitaja mguu, akitaja mgongo, ili mama asikie sauti yake, na Mama Ndaya hakumng'ata tena mtu.

Siku ya Noël, yaani Krismasi, Henri alikuja kututembelea. Alileta keki, na alileta mpiga picha. Akaketi karibu na mama yake kwenye benchi, akamwekea mkono begani, kisha akamwomba Muamba asogee kidogo, picha iwe ya mama na mwanawe. Muamba akasogea bila kinyongo, kwa kuwa kuchukia hakukujua. Nilichukia mimi kwa niaba yake, na nilikuwa nazo chuki za kutosha watu wawili.

Picha ilipokwisha kupigwa, Henri akamwinamia.

"Mama, ni mi. Ni Henri."

Mama Ndaya alimtazama kwa adabu nyingi, jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekaa mpaka chakula kikaisha. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti ya kutusalimia, tata," akasema. "Rudia kwenu sasa. Mama yako eko anakungojea."