Ngoma Iliyofugiwa Nyuki

Mimi ndiye niliyeiba ile ngoma. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia bure huko mbele.

Ni ngoma ndogo ya bendi ya kanisa, ile ya kuvaa kwa mkanda na kupigwa kwa vijiti viwili, na chini ina nyuzi za chuma zinazoipa mkwaruzo. Mapadre waliileta Itigi kwa treni kabla hata baba yangu hajaoa. Mwili wake ni shaba tupu, mrefu kuliko wa ngoma za siku hizi, na sijaona nyingine kama hiyo mahali popote, nami bendi nimezunguka nazo mpaka Tabora. Miaka kumi na moja niliipiga mimi, Amosi. Halafu askofu akaja kutoa kipaimara, na Mzee Kefa, mwenyekiti wa bendi, akaamua siku hiyo apige Paulo, kwa sababu mkono wa Paulo umetulia. Umetulia, eti. Mimi ndiye niliyemfundisha huyo Paulo kushika vijiti, na alikuwa rafiki yangu.

Nikapita dirisha la stoo ya kanisa, nikaitoa, nikampelekea mzee Antipasi, mrina asali wa Mitundu, nikamwambia ni chuma chakavu, anitunzie. Nilitaka ikosekane siku moja tu, Paulo aaibike, kisha nitairudisha. Lakini ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Kabla sijafumbua mdomo alikuwa ameshaitwa mwizi na kuvuliwa sare ya bendi mbele ya watu. Nikasema ngoja hasira zipoe. Zilipopoa, mimi nikashikwa na aibu. Hivyo hivyo ikapita miaka ishirini na miwili, Paulo akiitwa "Ngoma" hata na watoto wa shule, na mimi nikiendelea kunywa chai nyumbani kwake bila haya.

Mwaka huu, Jumatano moja, Paulo akarudishwa kutoka hospitali. Tumbo lilikuwa limejaa maji, na daktari alishasema akae na watu wake. Kama angekufa kabla sijasema, angekufa mwizi, na mimi ningebaki na hilo mpaka siku yangu. Lakini kwenda mikono mitupu niliona ni kumtukana. Nikapanga nimpelekee ngoma nzima, inalia vizuri, nimwekee mapajani, halafu ndiyo niseme.

Alhamisi nikawa Mitundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema Antipasi. "Chuma chako kipo. Kina nyuki."

Alikuwa ameziba pande zote mbili kwa mbao, akakitundika juu ya mti katikati ya kichaka, na mwaka hadi mwaka alikuwa akirina asali humo. Akaniambia ningoje jua lizame, maana mchana nyuki ni wakali. Sikungoja. Mzee akakataa kusogea, nikapanda mwenyewe saa nane kamili na kijinga cha moshi. Waliniuma usoni, shingoni, mpaka ndani ya sikio, nikashuka nayo nikilia kama mtoto. Nikiwa pale chini nilimfikiria Paulo, kwamba mahali pangu angekufa palepale. Ujanani aliumwa na nyuki mmoja tu pale stesheni, koo likaziba, akakimbizwa hospitali hajitambui. Tangu hapo hata asali haingii nyumbani kwake, na Itigi nzima walikuwa wakimtania kwa hilo.

Siku mbili nilisugua kwa majivu, mchanga laini na limau, mpaka shaba ikang'aa na mwaka uliochongwa ukaonekana: 1931. Ndani sikuhangaika. Nta ilikuwa imeganda kwenye chuma, nikaikwangua juujuu nikaiacha, maana nani ataangalia ndani? Noel, fundi baiskeli, akanichongea boliti mbili badala ya zilizoliwa na kutu, na waya wa breki tukaufumua kupata nyuzi za chini. Ikabaki ngozi. Ngozi ya mbuzi huloweshwa, hunyolewa, huvutwa ikiwa mbichi, kisha hukaukia kivulini siku tatu au nne. Siku hizo nani anazo? Nikaiweka karibu na jiko la mkaa. Jumatatu asubuhi nakaza boliti ya mwisho, ngozi ikapasuka katikati, na nilivyopiga kelele mke wangu Jenifa alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimeumwa na nyoka.

Nikatoka mbio kwenda machinjioni kutafuta ngozi nyingine. Njia inapita kwa Paulo. Mkewe, Scholastika, alikuwa mlangoni anapepeta mtama.

"Shemeji, uso umekuwaje?"

"Nyuki."

"Pole. Ingia basi. Leo anaongea, tangu asubuhi anauliza Amosi yuko wapi."

Nilimsikia akikohoa ndani. Zilikuwa hatua sita tu kutoka pale niliposimama.

"Nitakuja, shemeji. Kuna kitu namalizia."

"Kitu gani hicho cha kukuzuia kumsalimia mgonjwa?"

"Nitakuja nacho," nikasema, nikaondoka kabla hajaniuliza tena.

Ngozi ya pili sikuisogeza karibu na moto. Nilikaa nayo kivulini, nikiigusa kila saa, nikiomba upepo uvume, nikimgombeza Jenifa kwa makosa ambayo hakuyafanya. Jumanne ilikuwa mbichi. Jumatano pembeni imekauka, katikati bado. Alhamisi asubuhi nikakaza boliti zote nane, nikapiga mara moja, na sauti ikatoka ileile ya ujana wetu, kavu, safi. Machozi yakanitoka. Nikaivaa begani. Niko mlangoni, kengele ya kanisa ikaanza kulia ule mlio wa msiba.

Nilikaa chini palepale kizingitini. Jenifa akaniuliza ni nani, nikamwonyesha kwa kidole upande wa kwa Paulo.

Ijumaa tulizika. Nilikwenda na ngoma, kwa sababu niliona angalau imsindikize Paulo, na neno langu nitalisema hapohapo mbele ya watu. Nikaifikisha uani kwa marehemu ndani ya gunia, nikaitoa, nikaiweka chini nikaombe nafasi ya kuzungumza. Niliporudi watu walikuwa wameizunguka. Ngoma ya parokia, inang'aa, imeonekana nyumbani kwa Paulo siku ya maziko yake. Wewe ungefikiri nini?

Pale kaburini Mzee Kefa akasimama, amevaa kofia yake ya bendi, ameinyanyua ngoma juu.

"Ndugu zangu," akasema, "marehemu alikuwa na kosa moja, sote tunalijua. Leo tumeona ameliacha duniani. Ameirudisha. Tumsamehe."

Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa namwangalia Scholastika kwenye mkeka. Miaka ishirini na miwili yeye peke yake ndiye aliyegombana na mji mzima kwamba mume wake si mwizi. Nikamwona uso unamsawijika, akamgeukia dada yake, akauliza taratibu, "Aliificha wapi mle ndani, mimi nisiione?"

Nikapita mbele.

"Paulo hakuiba. Niliiba mimi."

Mzee Kefa akaniwekea mkono begani, machozi yakimlengalenga.

"Amosi, Mungu akubariki kwa moyo huo. Umekuwa rafiki yake mpaka hapa. Lakini usimbebee, ameshasamehewa."

Nikasikia mama mmoja nyuma anasema, huyo ndiye rafiki wa kweli. Walikuwa wananisifu! Nikarudia, nikasema dirisha la stoo, nikasema Mitundu, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyonionea huruma. Nilitamani ardhi inimeze mimi badala ya Paulo.

Mfukoni nilikuwa na kile kisu cha kunyolea ngozi. Nikamnyang'anya Mzee Kefa ngoma, nikaichana ngozi niliyoilinda siku tatu, msalaba, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaiinamisha watu waone. Ndani kote palikuwa na nta, ya njano na nyeusi, na vipande vya masega vimegandia shaba, na nyuki wawili waliokauka.

"Hii ilikuwa mzinga," nikasema. "Niambieni ni lini Paulo alifuga nyuki."

Mzee Kefa akavua kofia yake. Scholastika akainuka kwenye mkeka, akaja, akaingiza mkono, akabandua kipande cha nta, akakinusa. Akaniangalia uso wangu, bado umevimba.

"Jumatatu ulikuwa mlangoni kwangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Alikuwa anaongea."

"Nilikuwa naitengeneza. Sikutaka kuja mikono mitupu."

"Ungekuja mikono mitupu, Amosi," akasema.

Akarudi kukaa mkekani na ile nta kiganjani, na Mzee Kefa akanipa koleo nianze kufukia.