Mama Kimya na Mwoka Mikate

Mtaani walimwita Mama Kimya. Alikuwa nesi mstaafu na muumini wa Marafiki, wale Wakristo wanaosali kwa kukaa kimya na wasioshika silaha kwa hali yoyote. Kwa miaka kumi na miwili, kila Jumamosi, alikuwa akiwakutanisha watu waliogombana katika chumba cha nyuma cha maktaba: nusu saa ya kimya kwanza, kisha ndipo mtu afungue mdomo. Watani walisema angewapatanisha hata paka na panya, mradi panya asichelewe.

Mwaka ule mitaa miwili ikazozana kwa sababu ya uchaguzi, mawe yakarushwa, na moja likamtoboa jicho mdogo wake Mama Kimya, fundi cherehani.

Baada ya miezi miwili, mwoka mikate wa mtaa wa pili aliingia maktaba, akavua kofia, akakiri kwamba ndiye aliyerusha jiwe lile. Aliomba apatanishwe.

Yote aliyowahi kuwaambia wengine sasa yalimgeukia Mama Kimya mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe.

"Leo siwezi kukusamehe," alimwambia, "wala sitakudanganya. Lakini nafasi ipo. Kaa."

Akakaa. Jumamosi tatu zikapita hivyo. Nyumbani, Mama Kimya alimkiria mdogo wake kwamba akifumba macho hasali, anamtakia yule mtu mabaya. Mdogo wake akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali, akasema basi atakwenda mwenyewe, maana mganga hajigangi.

Jumamosi ya nne alikwenda. Mwoka mikate alipomwona akaanza kulia, na fundi akamkatiza.

"Machozi hayanisaidii, ndugu yangu. Siku hizi nikitia uzi kwenye sindano, nakosa tundu. Wewe macho unayo mawili."

Tangu hapo, kila asubuhi akishasambaza mikate, mwoka hupitia kwa fundi na kumtilia uzi sindano kumi. Hawajawa maswahiba. Hubishana habari za mpira, basi.

Mama Kimya ilimchukua mwaka mzima. Siku moja alimkuta mwoka kwa mdogo wake, amepiga magoti, anatafuta sindano iliyoanguka. Akainama kumsaidia, na wakiwa wote sakafuni akagundua kwamba ile hasira haikuwepo tena. Hotuba hakuwa nayo. Alimwuliza tu kama mkewe, ambaye fundi alishamwambia ni mjamzito, ameshajifungua.

"Ameshajifungua, dada," akajibu. "Mtoto wa kike."